Tiki moja: jinsi wake wa askari wanavyosubiriana kwenye simu

Saa saba na nusu usiku dada yangu alikuwa amekaa jikoni juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa, maana nyumba nzima ni jikoni tu ndiko mtandao unakoshika. Simu mkononi. Kwenye simu kuna ujumbe alioutuma tangu saa mbili kwa mumewe, askari aliye misheni nje ya nchi: "Mtoto homa imeshuka, usiwe na wasiwasi." Pembeni ya ujumbe, tiki moja ya kijivu.

Anayetumia WhatsApp anajua. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako, kwake haujafika. Huenda simu imezimwa, huenda chaji imekwisha, huenda yuko porini kusiko na mnara, huenda. Ile "huenda" ya mwisho dada alikuwa haimalizii. Akafungua kundi la wake wa askari, lenye wanawake arobaini na kitu, wengi wao hajapata kuwaona kwa macho, akaandika: "Kuna mwenye tiki mbili leo?"

Majibu yakaanza kudondoka kabla hajaiweka simu pajani. "Moja tangu jana." "Moja." "Mie pia moja, shoga." Kisha ukaja ujumbe mrefu kidogo, kutoka kwa mama mmoja aliyeko Tabora: "Wangu aliniaga juzi, kasema wanahamia sehemu haina mtandao, siku nne hivi. Kama wako yuko kombania hiyohiyo, we lala."

Dada akalala.

Nimeufikiria sana ujumbe ule. Ulimlaza mtu ambaye alikuwa na siku mbili hajafumba macho, kazi ambayo mimi ndugu yake wa tumbo moja niliishindwa na "Mungu yupo" zangu zote. Na papo hapo ulikuwa umefanya jambo ambalo jeshi lolote duniani lingelichukia: umesema askari wanahama, kwamba ni kombania nzima, na watakaa gizani siku ngapi. Faraja na hatari zimekaa kwenye sentensi moja, na huwezi kuchomoa moja ukaiacha nyingine. Makundi ya wake wa askari yamejaa sentensi za namna hiyo.

Ukanda wetu umekuwa ukipeleka askari nje kwa miaka mingi bila kupumzika. Uganda iliingia Mogadishu Machi 2007 chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na Burundi ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Kenya ilivuka mpaka wa Somalia Oktoba 2011, na mwaka uliofuata wanajeshi wake wakaingizwa rasmi katika AMISOM, kikosi hichohicho cha Umoja wa Afrika. Tanzania imekuwa Darfur, Lebanon na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na tangu 2013 imekuwa mashariki mwa Kongo katika brigedi ya mapigano ya Umoja wa Mataifa, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Zamu moja huwa kama mwaka hivi, kisha wengine wanapokea. Ndege inayowabeba ikipaa, nyuma zinabaki mamia ya nyumba ambazo mtu mmoja amegeuka baba na mama, fundi bomba na mhasibu, na kila akiulizwa hali anajibu "salama tu".

Kusubiri si kugeni kwetu. Bibi zetu walioachwa na keya, askari wa jeshi la mkoloni Mwingereza, waliokwenda kupigana Bama (Burma) mwaka 1944 walisubiri barua, na barua yenyewe mpaka apatikane wa kuisoma. Wake wa waliokwenda vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, walikuwa wanategesha sikio redioni. Kilichobadilika ni kwamba sasa mwanamke amelala na chombo ambacho kila dakika kinamwahidi habari. Barua ilipochelewa miezi miwili hakuna aliyeshangaa. Tiki ikichelewa saa sita, moyo umeshafika makaburini na kurudi.

Mtaalamu wa familia wa Marekani, Pauline Boss, alianza kulichunguza jambo hili miaka ya 1970, akikaa na familia za marubani waliopotea kwenye vita vya Vietnam. Hawakuwa wajane, na hawakuwa na waume. Alichokiona ni kwamba kinachomvunja mtu si kufiwa peke yake, ni kutojua kama umefiwa. Akaeleza kwamba hali hiyo ina sura mbili. Ya kwanza, mtu hayupo kwa mwili lakini yupo kichwani saa zote: kwenye sahani, kwenye upande wake wa kitanda, kwenye swali la mtoto kwamba baba anakuja lini. Ya pili ni kinyume chake, mtu yupo kwa mwili na akili haipo. Hiyo ya pili tuiweke kando kwanza, tutaihitaji mbele.

Mimi kwa lugha yangu naiita msiba usio na matanga. Msiba wa kawaida una utaratibu unaombeba mfiwa. Mkeka unatandikwa, kuna wa kupika, kuna wa kushika daftari la michango, na matanga yakianuliwa kila mtu anajua amefika wapi. Mke wa askari aliye misheni hana mkeka. Akilia ataambiwa anamwombea mumewe mabaya. Akienda harusini akacheza, kuna wa kusema mume yuko kwenye risasi yeye anakata kiuno. Anabaki katikati, amesimama, mwaka mzima.

Na mwili unalipa. Mwaka 2010 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi wa rekodi za matibabu za wake zaidi ya 250,000 wa askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani, kuanzia 2003 hadi 2006, vita vya Iraki na Afghanistan vikiwa vimepamba moto. Waume waliokuwa nje mwezi 1 hadi 11, wake zao waliogundulika na sonona walikuwa wengi zaidi kuliko wake ambao waume zao hawakupelekwa: ziada ya wanawake 27 katika kila 1,000. Muda ulipopita miezi 11, ziada ikafika 39. Matatizo ya usingizi na hofu nayo yalipanda pamoja na miezi. Hao ni wanawake waliokuwa na bima ya jeshi, na hapo waliohesabiwa ni wale tu waliokwenda kumwona daktari.

Sasa turudi kwenye lile swali la dada, "Kuna mwenye tiki mbili leo?"

Mwaka 1981 msomi James House aliugawa msaada wa watu kwa watu katika mafungu manne, na mgawanyo wake bado unatumika. Kuna msaada wa moyo: mtu anakusikiliza, anakuonea huruma. Kuna wa mkono: mtu anakuletea maji, anakukopesha, anakushikia mtoto. Kuna wa maarifa: mtu anakuelekeza la kufanya. Na kuna wa nne ambao haupati heshima yake, msaada wa kujipima: mtu anakuwezesha kujua kama yanayokupata ni ya kawaida au umeanza kuharibikiwa. Ndugu na majirani wana mengi ya mafungu matatu ya kwanza. La nne hawana, kwa sababu wao waume zao wako sebuleni wanaangalia mpira.

Dada hakuwa anauliza habari, alikuwa anajipima. Kama arobaini wote wana tiki moja, basi ni mnara. Kama ni yeye peke yake, basi ni jambo jingine. Kwenye kundi lao hii imekuwa ibada ya kila usiku, kama sensa. Unaandika "moja" au "mbili", huandiki kingine, na usiku unaendelea. Mtu wa nje akiyasoma mazungumzo yale ataona upuuzi, wanawake wazima wanatumiana tarakimu.

Msaada wa mkono nao upo, zaidi ya nilivyotarajia kwa watu wasiofahamiana sura. Mtungi wa gesi umekwisha tarehe 19, mshahara bado, mtu anatuma elfu ishirini kwa simu, na anaandika kwenye maelezo "ya gesi, utarudisha ukipata". Mtoto wa mmoja alilazwa mkoani ambako mama yake hana ndugu. Mwanakundi aliyekuwa karibu na hospitali ile akaenda na uji wa chupa siku tatu. Wanaoishi kota za jeshi hawakushangaa sana kusikia hilo, kwa sababu kota ndivyo ilivyo, ukuta mmoja, mwenzako akikosa chumvi unasikia. Lakini dada anaishi uraiani, kwenye nyumba ya kupanga, na mtaani kwake hakuna hata mmoja anayejua kwamba "safari ya kikazi" ya mumewe ni ya namna gani. Kwa wanaoishi uraiani kundi limekuwa kota.

Watu huuliza, mbona anamwambia mgeni wa Tabora mambo ambayo mama yake mzazi hayajui? Nadhani ni kwa sababu hiyohiyo, kwamba ni mgeni. Maneno ya ndani ukimwambia mama, mama atayabeba. Ukimwambia mama mkwe, atayapima. Wifi anataka kujua posho inatumika vipi. Mtu wa kwenye kundi hana cha kurithi wala cha kudai. Umemwambia kwamba jana ulimpiga mtoto kwa hasira zisizomhusu, anakujibu "hata mimi wiki iliyopita", na kesho hamkutani kanisani wala msikitini. Na saa nane za usiku huwezi kumgongea mama mlango, ila kundini siku zote kuna mwenye mtoto mchanga.

Tatizo linaanza pale msaada unapogeuka habari.

Anza na habari ndogo, za fedha. Kwenye makundi haya kuna tarakimu inayozunguka kila mwaka kwamba "UN inalipa dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi". Tarakimu yenyewe si ya kubuni. Ndicho kiwango kilichoanza Julai 2018, kikapandishwa kidogo 2022. Lakini hizo ni fedha ambazo Umoja wa Mataifa unairudishia serikali kwa kuchangia askari, na serikali ndiyo inayopanga kiasi gani kinamfikia mhusika. Mwanamke anayeisoma bila sentensi hiyo ya pili anamwona mumewe mwongo. Somalia nako, Umoja wa Ulaya ulipopunguza kwa asilimia 20 fedha za posho za askari wa AMISOM mwanzoni mwa 2016, kuna nyumba ambazo fedha zilipungua na mume akashindwa kueleza akaeleweka. Ndoa zinatikiswa na kweli nusu kuliko na uongo mzima.

Halafu habari kubwa. Alfajiri ya 15 Januari 2016 al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, mkoa wa Gedo, Somalia. Wengi wa waliokuwa pale walitoka kikosi chenye makao Eldoret. Picha zilizopigwa na washambuliaji wenyewe zikawa zinazunguka mitandaoni huku serikali haijataja idadi ya waliokufa, na idadi kamili haikutangazwa hata baadaye. Waziri akaonya kwamba anayesambaza picha hizo atakamatwa, na mwanahabari mmoja akakamatwa kweli kwa aliyoyaandika. Mke aliyekuwa Eldoret wiki ile alikuwa na vyanzo viwili, kimya cha wakubwa na kamera ya adui. Kundi la WhatsApp lililokaa katikati ya hivyo viwili haliwezi kubaki salama hata liwe na watu wema kiasi gani, kwa sababu atatokea mmoja atakayetuma picha na kuuliza, "Jamani huyu si baba nani?"

Tanzania iliyaonja 7 Desemba 2017, kituo cha Semuliki karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, kiliposhambuliwa jioni na walinda amani wa Tanzania wapatao kumi na watano wakauawa. Kesho yake Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliliita shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika historia yake ya karibuni. Maneno yake yaliwahi kufika kwenye simu kuliko majina. Na mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma, hukohuko mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23 huku askari wa SADC, Watanzania wakiwamo, wakiwa ndani ya kambi zao eneo hilo, kila mwenye simu aliweza kuangalia video za barabara za Goma, ila aliyemtafuta hakuwa kwenye video yoyote.

Jeshi la Marekani, ambalo limefiwa mara nyingi mbele ya kamera, lina taratibu mbili zinazofaa kujulikana. Askari akiuawa au akijeruhiwa vibaya, kambi yake hukatiwa simu na intaneti mpaka familia iambiwe. Na familia huambiwa na watu wanaokuja mlangoni kwa miguu yao, wamevaa sare, mara nyingi na kasisi; jina halitangazwi hadharani mpaka zipite saa 24 tangu ndugu wa karibu wajue. Utaratibu wa kwanza wanawake wa kule waliung'amua zamani. Wameshazoea kwamba kambi nzima ikinyamaza ghafla, huenda kuna aliyeumia, na kila nyumba inabaki inachungulia dirishani kuona gari gani linaingia mtaani.

Nilipomweleza dada hilo nilijuta. Maana limeipindua sensa yao ya tiki. Wao walikuwa wanahesabu kwamba wote wakiwa na moja, basi ni mnara, tulale. Kumbe wote kuwa na moja kunaweza kuwa na maana ya mnara, na kunaweza kuwa na maana ya lile jambo lingine. Kundi linaweza kumwambia mtu "hauko peke yako". Haliwezi kumwambia "yuko salama". Kwa sauti ya saa saba usiku maneno hayo mawili yanafanana mno.

Kwa hiyo nasema hivi, na najua kuna watakaonikatalia: kitu wanachokitaka zaidi wake hawa ni habari, na habari ndiyo kitu kimoja ambacho kundi lao halipaswi kutoa. Si kwa sababu wanawake ni wambea. Umbea huu wanaume wanaufanya kwenye makundi ya mpira bila aliyeuawa. Ni kwa sababu habari kutoka ndani ya kundi haina wa kuithibitisha, na ikiwa ya kweli, ni mali ya watu wawili: adui anayeitaka, na familia moja ambayo ina haki ya kuipata kabla ya wengine arobaini.

Wengi wanadhani wamejikinga kwa sababu tangu 2016 WhatsApp inafunga ujumbe njiani, hausomeki na yeyote katikati. Ni kweli njiani hausomeki. Lakini kundi la watu arobaini lina milango arobaini. Kuna simu iliyoibwa daladalani bila nywila. Kuna mwanachama aliyepiga picha ya skrini akamtumia dada yake, "ona wanavyohangaika". Kuna aliyeachika miaka miwili iliyopita na hakuna aliyekumbuka kumtoa. Na adui hana haja ya ujumbe mzima. Mmoja kasema siku nne, mwingine kataja kombania, wa tatu kaweka picha ya mumewe na nyuma yake mlima unaonekana; anayekusanya anazishona.

Msimamizi wa kundi la dada aliliona hilo siku chache baada ya ujumbe wa mama wa Tabora. Akaandika kanuni, fupi kama amri: hakuna mahali, hakuna tarehe, hakuna picha ya sare, hakuna "nimesikia". Wiki nzima kundi likawa kama kaburi. Wengine walinuna, mmoja akajitoa na maneno makali kwamba hapa sasa ni polisi. Kisha, kidogo kidogo, watu wakagundua kwamba ukiondoa mahali na tarehe, yanabaki mengi. Bado unaweza kusema huna usingizi. Bado unaweza kusema umemchoka mumeo na humsikii hamu, jambo ambalo pengine ndilo lilikuwa linakuzuia kulala. Sensa ya tiki iliendelea, ila bila sababu: "moja" au "mbili", basi. Mama wa Tabora aliomba radhi. Dada akamjibu faraghani kwamba radhi ya nini, usiku ule ulinipa usingizi.

Kuna jingine halisemwi sana, nalo ni vyeo. Kwenye karatasi, mke hana cheo. Kwenye maisha, mke wa koplo akimwona mke wa mkuu wa kikosi anasimama. Kundi rasmi lenye mke wa mkubwa ndani yake utalijua kwa upole wake: salamu za asubuhi, mistari ya maandiko, tangazo la kikao, "Ahsante sana Mama kwa kutujali". Pembeni yake kuna kundi la pili, halina picha wala jina la maana, na huko ndiko watu wanakosema gesi imekwisha. Marekani wana hali hiyohiyo, japo wao wamejaribu kuiwekea mpango: vikundi vya familia viko chini ya kamanda, mwaka 2019 vikabadilishiwa jina ili ieleweke kwamba ni vya askari na familia kwa pamoja, na kazi yake kubwa ni kupitisha taarifa sahihi kutoka juu. Uzungumzaji wa moyo unafanyika kwingine, kwenye kurasa walizozianzisha wake wenyewe. Nikiulizwa, huo mgawanyo si ubaya. Kundi la juu litoe habari, kwa sababu lenyewe tu ndilo linaweza kuzithibitisha. La chini libembeleze. Balaa ni la juu likinyamaza, maana hapo la chini linalazimika kufanya kazi zote mbili.

Na waume je? Wanajeshi wanawake wapo, wanakwenda misheni, wanaacha waume na watoto. Sijaona kundi lao. Makundi ninayoyajua yanaanza kwa "Akina mama" na hapo mwanamume ameshafungiwa nje. Mmoja ninayemfahamu anasubiri mkewe kwa kuosha gari kila jioni.

Mwenyewe aliye mbali ni mzungumzaji katika haya yote, hata asipokuwemo kundini. Simu imemwezesha kuwa baba wa mbali: anaulizia ada, anamkemea mtoto kwa ujumbe wa sauti. Imemwezesha pia kubebeshwa. Bati limevuja, umwambie au usimwambie? Ukimwambia atakwenda lindoni na bati kichwani. Usipomwambia atarudi akute fundi ameshalipwa na ataona ametengwa. Swali hili ndilo naona linajadiliwa kuliko yote kundini mwa dada, na jibu halijawahi kuwa moja. Wenye uzoefu husema mwambie jambo likiisha, na umwambie limeishaje.

Halafu anarudi. Kundi linafurika maua na "Alhamdulillah" na "Mungu ni mwema", picha za uwanja wa ndege, watoto wamebebwa mabegani. Baada ya wiki, kimya. Kila mmoja amepata mtu wake, nani ana shida na tiki? Na ni hapo ndipo ile sura ya pili ya Pauline Boss inapoingia na mabegi yake: mtu yupo kwa mwili. Amekaa kwenye kiti chake, anaangalia televisheni iliyozimwa. Mlango ukibamizwa anasimama. Mke naye si yule aliyeachwa. Ameshazoea kuamua, funguo zote anazo yeye, watoto wakitaka kitu wanampita baba yao na kwenda kwake. Kama kuna wakati wa kundi, ni huo, na huo ndio wakati kundi linapokufa, kwa sababu ya aibu. Kulalamika mume hayupo kila mtu anakuelewa. Kulalamika kwamba amerudi?

Dada alikaa wiki tano. Kisha usiku mmoja, jikoni kwake kwenye ndoo yake ileile ingawa sasa hakuwa anasubiri tiki ya mtu, akaandika: "Jamani. Ameniuliza mbona nanunua umeme wa LUKU wa elfu tano tano badala ya wa mwezi mzima. Nimemjibu vibaya mbele ya watoto. Kisha nikalia chooni."

Kundi lilikuwa kama limekufa. Zikapita dakika kumi. Akajibu mama wa Tabora, ambaye mumewe alishakwenda Darfur kabla ya safari hii, kwa hiyo alikuwa anajua kurudi kulivyo: "Wangu wa kwanza ilikuwa sukari. Mpe namba ya mita anunue mwenyewe. Na ukikatika usimkumbushe."

Dada akaikopi namba ya mita akamtumia mumewe kwa WhatsApp, mita sita kutoka alipokaa. Tiki mbili. Zikageuka bluu. Kutoka sebuleni akamsikia akiuliza, "Mama Neema, hii namba ni ya nini?"